Banda la nailoni la kupulizia laka: dalili, sababu na dawa yake

Kabati la kwanza nililopiga laka uani kwangu, hapa Wete, Pemba, lilitoka jeupe mgongoni kama lililomwagiwa maji ya mchele. Nikanunua kopo jingine, nikapiga msasa, nikapuliza tena. Weupe ukarudi pale pale. Laka haikuwa na kosa. Nilijenga banda kama mtu anayejenga chumba: nailoni pande zote, kila tundu nimeliziba, upepo nimeufungia nje ili vumbi lisiingie. Vumbi kweli halikuingia, lakini mvuke nao haukutoka, na unyevu ulikaa humo humo na kazi yangu.

Tangu hapo nalihesabu banda kuwa ni njia ya upepo. Hewa safi iingie upande mmoja, ipite kwenye kazi, itoke upande wa pili na mvuke wake. Ukilipata hilo, madoa mengi ambayo mafundi tunayalaumia laka, tina (kiyeyusho cha laka) au bunduki ya sprei yanaondoka yenyewe.

Nieleze kwanza banda lenyewe, maana dawa zote zitalifuata. Ni fremu ya mbao za mbili kwa mbili, upana mita 1.2, kimo mita 1.8, urefu mita 2.5. Nguzo sijazichimbia, kila moja imesimama ndani ya kopo kuukuu la rangi lililojazwa zege, na sababu utaiona mbele. Juu na ubavuni ni nailoni nzito ya kuuzwa kwa mita, inayoshikwa na vibanio vya nguo. Mdomo wa kuingilia hewa una chandarua nje na sponji jembamba la godoro ndani. Mdomo wa kutokea uko wazi zaidi chini kuliko juu, kwa sababu mvuke wa tina ni mzito kuliko hewa, hushuka na kutambaa sakafuni. Chini nimetandika turubai.

Feni inakaa nje, upande wa hewa safi, inasukuma hewa kupita kwenye sponji. Hapa ndipo wengi wanapokosea, na ndipo pa hatari. Wanaiweka feni ya kawaida kwenye mdomo wa kutokea ivute mvuke. Mota yake na swichi yake zinaweza kutoa cheche, na mvuke wa laka unapita juu yake. Mvuke huo hauhitaji moto mkubwa kuwaka. Basi feni, kompresa, soketi na taa zote zikae nje ya nailoni, upande unakotoka upepo au ubavuni, na uwashe kabla hujafungua kopo. Simu pia iache ndani ya nyumba.

Kabla ya dalili yoyote: pima kwa udi

Kipimo cha banda hakinunuliwi. Chukua chetezo, tia kaa moja na kipande cha udi au ubani, kiweke juu ya meza pale itakapokaa kazi, washa feni, kisha ukae kando utazame moshi. Fanya hivyo wakati makopo yote bado yamefungwa na yako mbali.

Moshi ukilala na kwenda moja kwa moja hadi mdomo wa kutokea, banda lako liko sawa. Ukisimama wima kama mnara kisha ukatandaa chini ya nailoni ya juu, hewa ni ndogo kwa ukubwa wa banda. Ukizunguka pembeni bila kutoka, ile pembe imekufa; ikunje nailoni kwa mshazari uiondoe. Ukirudi kwenye feni, upepo wa nje unaingilia mlango wa kutokea na unaishinda feni yako.

Ukimaliza, toa chetezo nje ya ua kabisa, mwagia kaa maji, hakikisha limezimika. Ndipo ufungue kopo.

Kuhusu ukubwa: mabanda ya viwandani hupitisha hewa kwa kasi ya kama nusu mita kwa sekunde. Banda lenye mdomo wa mita 2 kwa 2 litataka mita 2 za ujazo za hewa kila sekunde, na feni ya sebuleni haifiki huko. Kwa hiyo usinunue feni ya pili kwanza. Punguza upana wa banda hadi kazi yako ipite tu na wewe upate pa kuzunguka, kisha urudie udi.

Harufu inaingia ndani ya nyumba

Banda lililokuwa zuri mwezi Januari linaweza kuanza kunukisha nyumba nzima mwezi Julai, na fundi akaapa hajagusa kitu. Ni kweli hajagusa. Kilichogeuka ni upepo. Kaskazi inavuma kama Desemba hadi Machi. Kusi inashika Juni hadi Septemba. Banda lililoelekezwa kwa ajili ya kaskazi, kusi inalipiga usoni, inaingia kwa mlango wa kutokea na kuurudisha mvuke wote nyuma.

Ndiyo maana nguzo zangu zimo ndani ya makopo. Kaskazi ikianza, mdomo wa feni unatazama kaskazini. Kusi ikishika, tunalibeba watu wawili tukaligeuza. Wakati wa tanga mbili, upepo unapokuwa hauna msimamo, napima kwa udi kila asubuhi, na siku ambayo upepo unageuka kila nusu saa napiga msasa tu, sipulizi.

Ukitaka dalili ya haraka, tazama nailoni. Feni inaposukuma vizuri, nailoni huvimba kidogo kwa nje kama tanga la mashua lililopata upepo. Ikijikunja kwa ndani au ikipigapiga, simama.

Weupe kama ukungu juu ya laka

Hii ndiyo dalili ya visiwani, na itakusumbua kuliko zote. Tina inapokauka hula joto la ubao, na uso wa kazi unapoa kuliko hewa iliyouzunguka. Ukipoa vya kutosha, unyevu wa hewa unageuka maji juu yake vile vile gilasi ya maji ya barafu inavyotoka jasho. Maji hayo yakinaswa ndani ya laka, unaona weupe.

Tazama hesabu yake. Asubuhi ya masika, joto likiwa nyuzi 28 na unyevu wa hewa asilimia 85, uso wa ubao ukipoa kama nyuzi 3 tu umande unatua. Mchana wa kiangazi, nyuzi 31 na unyevu asilimia 60, lazima upoe kama nyuzi 9. Laka ni ile ile na mkono ni ule ule. Tofauti ni saa uliyochagua. Mimi napuliza kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, na siku ya mvua sipulizi hata mteja awe mlangoni.

Kama umechagua saa nzuri na weupe bado unatokea, tafuta katika mambo matatu. La kwanza, tina yako inakauka haraka mno. Ile ya bei rahisi mara nyingi ni ya haraka. Omba tina inayokauka polepole, uchanganye kiasi. La pili, umepiga mkono mzito, yaani tabaka nene la laka, na mkono mzito unapoa zaidi na unashikilia maji muda mrefu. La tatu, maji yanatoka kwenye kompresa yenyewe. Hewa ikibanwa hutema maji, na tangi la kompresa Pemba hujaa maji kuliko watu wanavyodhani. Fungua kizibo cha chini ya tangi kila asubuhi kabla ya kazi. Siku ya kwanza nilipofungua changu, baada ya miezi ya kutokujua, yalitoka maji ya rangi ya chai ya rangi, yenye kutu, nikakaa nayatazama yakimiminika kwenye mchanga. Yote hayo nilikuwa nikiyapuliza kwenye makabati ya watu. Kichujio cha maji nacho usikifunge kwenye shingo ya kompresa, hewa ikiwa bado ya moto. Kifunge mbele, baada ya mita kadhaa za mpira, ambapo hewa imeshapoa na maji yamejikusanya.

Ili kutofautisha maji ya hewa na maji ya kompresa: weupe wa hewani hutandaa kama ukungu, wa kompresa huja kwa madoa na vitone, na pengine utaona bunduki inatema.

Weupe ukishatokea usikimbilie msasa. Ngoja mchana wenye jua, washa feni, puliza tina tupu ya polepole kama manyunyu mepesi. Laka italainika, maji yatapata njia, weupe utaondoka mbele ya macho yako. Usipoondoka kwa mara mbili, hapo ndipo msasa. Dawa hii ni ya laka ya kawaida inayoyeyuka kwa tina; vanishi ya mafuta haiitiki.

Uso una punje

Punje si za aina moja, na kila moja ina dawa yake. Subiri kazi ikauke, itoe nje, ilaze tochi ubavuni mwa uso, kisha pitisha kidole.

Punje ngumu, chache, zilizotawanyika bila mpango ni vumbi la nje au la sakafuni. Nyumba zetu za mawe na chokaa zinamwaga unga mchana kutwa, na ua wa mchanga unasaidia. Fagia jana yake, si asubuhi hiyo hiyo. Lowesha turubai kabla ya kuanza. Osha sponji la mdomo wa feni kwa maji na sabuni, likauke kabisa. Sponji lililoziba pia linapunguza hewa, na utaona matatizo mengine yanazaliwa. Nguo nazo: fulana ya pamba iliyochakaa inaacha nyuzi.

Punje zenye mabawa sina haja ya kukueleza. Taa za jioni zinaita wadudu, na baada ya mvua kumbikumbi hawangoji kuitwa. Chandarua kwenye mdomo wa kutokea hakifai, maana kinaziba kwa ukungu wa laka. Dawa ni kupuliza mchana.

Ukavu kama unga, uso mzima au upande mmoja, kidole kinahisi msasa laini: hiyo ni laka yako mwenyewe. Imekauka ikiwa hewani na imeangukia kazi ikiwa unga. Hewa inazunguka badala ya kutoka, au umeanza kupuliza upande usiofaa. Anza upande ulio karibu na feni, sogea kuelekea mlango wa kutokea, ili ukungu unaopeperuka uangukie sehemu ambayo bado hujaigusa na mkono wa majimaji uje kuumeza. Na wewe usisimame hata siku moja kati ya kazi na mlango wa kutokea; hewa ikufikie wewe kwanza, kisha kazi.

Unga huo hujikusanya pia kwenye nailoni na turubai, na ule wa laka unashika moto upesi mno. Uufute kwa kitambaa kibichi kila baada ya kazi, usiukwangue kwa chuma. Vitambaa vilivyofuta mafuta ya kitani au vanishi ya mafuta usivifinyange ukavitupa pembeni, kwani vinaweza kujipasha moto na kuwaka bila kiberiti. Vitie kwenye ndoo ya maji.

Ganda la chungwa, na machozi

Hizi ni za mkono zaidi kuliko za banda, nitapita haraka. Uso wenye vishimo kama ganda la chungwa: laka nzito, upepo wa bunduki mdogo, au umeshika mbali. Shika sentimita 15 hadi 20, ongeza tina kidogo, na kwa bunduki nyingi za kawaida anza baa 2 hadi 3 kisha ujaribu kwenye kipande cha ubao. Banda linahusika kwa jambo moja: nailoni iliyoachwa juani huwa tanuri, na laka hukauka kabla haijatandaa. Vitundu na malengelenge huja kwa njia hiyo hiyo. Weka kivuli cha makuti juu yake.

Machozi yanayoteremka: umeshika karibu, umekwenda polepole, au ulikuwa huoni. Taa iwe nje ya nailoni, ubavuni, imulike uso kwa mshazari ili uone umajimaji wakati unapuliza. Chozi likishateremka liache likauke kabisa, ulikwangue kwa wembe, upige msasa namba 400 uliozungushwa kwenye kibao. Ukiligusa likiwa bichi utafanya jeraha.

Macho ya samaki

Laka inakimbia, inaacha vijiduara ambavyo ubao unaonekana katikati. Kuna mafuta au silikoni. Kwenye samani kuukuu iliyokuwa ikifutwa kwa polishi za kopo, silikoni imeshaingia kwenye nyuzi za ubao, na msasa peke yake unaitandaza tu. Osha kwa tina, ukibadilisha kitambaa kila mara, kisha ziba kwa mkono mwembamba wa shelaki (vanishi ya spiriti) kabla ya laka. Kazi mpya ikitoka macho, uliza mkono wa nani umeishika na ulikuwa na nini: mafuta ya nazi, samli, mafuta ya nywele. Angalia pia kama jiko la kukaangia samaki liko upande unakotoka upepo.

Vanishi inanata siku ya tatu

Msaji na mvule zina vitu ndani yake vinavyochelewesha vanishi ya mafuta kukauka. Futa uso kwa tina, na mara tina ikishakauka, siku hiyo hiyo, piga mkono wa kwanza mwembamba.

Lakini niliwahi kupata marfaa (kiweko cha msahafu) ya mkangazi iliyonata sehemu mbili tu, pande zote mbili, pale vidole vinaposhika. Kijana wangu alikuwa ametoka kumsaidia mama yake kuchambua karafuu, akaja moja kwa moja kuipangusa kazi. Mafuta ya karafuu yanachelewesha rangi ya mafuta kukauka. Wachoraji wa picha huyatumia kwa makusudi ili rangi isiwakaukie ubaoni. Ilibidi niifute ile vanishi yote na tina nianze upya. Msimu wa karafuu, mtu hashiki kazi kwangu mpaka anawe kwa sabuni hadi viganja viache kunukia.

Kichwa kinauma, au unaanza kulewa

Toka. Usimalizie mkono. Barakoa ya kitambaa inazuia vumbi peke yake. Mvuke unapita kama hakuna kitu. Tumia barakoa yenye vikopo vya mkaa, na ukimaliza vifungie kwenye kopo lenye kifuniko, kwani vikiachwa wazi vinaendelea kujaa. Ukianza kusikia harufu ya tina ukiwa umeivaa, vikopo vimekwisha au haikukaa usoni.

Laka ya makopo mawili, ile ya kuchanganya na hadina (kigumisho), mara nyingi ina aisosayaneti, ambayo inaweza kuharibu pafu na kukuachia pumu. Hiyo inataka barakoa inayoletewa hewa kwa mpira kutoka nje. Katika banda la nailoni la nyumbani usiipulize kabisa. Pelekea fundi mwenye vifaa.

Umeme umekatika katikati ya mkono

Weka bunduki chini, inua nailoni pande zote, toka, zima kompresa. Kazi utaitengeneza kesho. Feni iache, kwa kuwa iko nje katika hewa safi, ikiamka yenyewe itafagia mvuke bila hatari. Ukitumia jenereta, iwe mbali ubavuni mwa banda: upande wa feni itakupulizia moshi wake, upande wa kutokea itakutana na mvuke ikiwa ya moto.

Umeme ukishuka bila kukatika, dalili ni sauti: feni inanguruma kwa uzito na nailoni inalegea. Tazama kwanza waya wa kuvuta umeme. Waya mwembamba na mrefu unaokwenda kwenye feni na kompresa pamoja unazinyima zote mbili.

Dalili inayoonekana kwa jirani

Banda likipita vipimo vyote, kumbuka kwamba linatoa kila kitu nje, na nje kuna watu. Mwaka mmoja, kusi imeshika, nikapuliza milango miwili tangu asubuhi, nimefurahi, hakuna doa. Alasiri bibi wa nyuma ya ukuta akaja hadi mlangoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Njoo unuse."

Alikuwa amefumbata karafuu kiganjani. Nikanusa. Chini ya ukali wa karafuu kulikuwa na tina. Majamvi yake matatu ya karafuu yalikuwa yameanikwa hatua kumi kutoka mlango wangu wa kutokea. Karafuu tulizibeba sote tukazianika kwa siku mbili mahali pa wazi mpaka harufu ikaisha, na lile jamvi la karibu kabisa, ambalo lilikuwa limeingia unga, nikalilipa kwa bei ya karafuu safi.

Baada ya hapo nilitundika magunia mabichi mdomoni mwa kutokea, yameachana ili hewa ipite, yanase ukungu wa laka. Yanasaidia kwa unga. Harufu hayazuii. Kwa hiyo msimu ukifika, kabla ya kupima udi, napanda juu ya tofali na kuchungulia nyuma ya ukuta. Jamvi likiwa limetandikwa, kopo linabaki limefungwa.